Siku Kusunose Alipofuta Ubao

Kwa miaka kumi na tisa niliuza supu ya matumbo chini ya jukwaa la uwanja wetu wa mbio za farasi, kibanda cha tatu ukitoka langoni. Jirani yangu wa mkono wa kulia alikuwa Kusunose Iwao, muuza utabiri. Yeye hakuwa na kibanda. Alikuwa na sanduku la mbao la kusimamia, ubao mweusi, chaki, na sauti iliyofika mpaka vyooni. Ukimpa yeni mia moja, anakupa kikaratasi kilichoandikwa namba mbili: farasi wawili ambao kwa maoni yake watamaliza wa kwanza na wa pili. Ukitaka, unakwenda dirishani kununua tiketi ya jozi hiyo. Usipotaka, ni shauri lako.

Watabiri walikuwa tisa uwanjani, na siku za jua Kusunose hakutofautiana nao sana. Alipata, alikosa, akatukanwa, akatukana. Lakini mvua ikinyesha, watu walimjia yeye. Mchanga wa njia yetu ya mbio ulikuwa na tabia zake. Ukiwa mkavu, kwato zinazama na farasi anayetangulia anachoka mapema. Ukilowa, unashikana kama sakafu, anayetangulia anateleza tu mbele, na walio nyuma wanapigwa tope usoni mpaka wanakata tamaa. Hilo hata mtoto wa pale alilijua. Kigumu ni mvua ikikatika. Mchanga haukauki wote kwa pamoja. Unakauka juu chini ukiwa bado na maji, unakauka huku kule bado, na wakati fulani unakuwa unanata, unamshika farasi mguu kama gundi. Hapo ndipo Kusunose alipojipatia jina. Alikuwa akija alfajiri, anapenyeza mkono chini ya ua, anachota mchanga, anaufinya, anaunusa, halafu anapanda sandukuni akiwa na uso wa mtu aliyetoka kuongea na mwenye mvua.

Mwaka wa hamsini na mbili wa Showa, yaani 1977, mwezi wa kumi, kimbunga kilipita baharini kwetu na mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Ilikatika Jumapili ya mbio, kabla ya mapambazuko. Uongozi ukatangaza hali ya njia kuwa mbovu, ambayo ndiyo daraja ya mwisho kabisa. Maji yalikuwa yamesimama kwenye mchanga, na mawingu yamekaa chini kama dari.

Nakahira Tokuji alifika milango ilipofunguliwa tu. Tulimfahamu wote. Alikuwa mtengeneza karatasi wa bondeni, karatasi zile za mkono za magome ya mforosadi, mtu mpole wa miaka hamsini hivi ambaye hakuwahi kucheza zaidi ya yeni mia tano kwa siku. Siku hiyo alivaa suti nyeusi ya harusi na misiba, na kwapani alikuwa na kifurushi cha kitambaa cha rangi ya zambarau.

“Mzee Kusunose,” alisema, “leo nataka mbio ya kumi tu.”

“Ya kumi bado mbali, bwana. Anza na ya kwanza uchangamke.”

“Ya kumi tu. Na nataka uniambie kwa mdomo, siyo kwa karatasi.”

Kusunose aliitazama ile suti, akadhani anatoka kuzika. Akainama kutoka sandukuni, akasema kwa sauti ya kawaida, ile asiyoitumia kazini. “Tatu na saba. Namba tatu ni Minatokaze, huyo akishatangulia kwenye tope hashikwi. Saba anamfuata mgongoni. Waliobaki watakula tope mpaka washibe.”

“Mvua imekatika lakini.”

“Ikatike. Mchanga huu hata yakiwaka majua matatu haukauki leo.”

“Una hakika?”

Wateja walikuwa wameanza kujikusanya, na Kusunose hakuweza kujizuia mbele ya watu. Akanyanyua sauti. “Bwana Nakahira, nikikosea hiyo, njoo ulivunje hili sanduku ukapikie wali.”

Watu wakacheka. Nakahira hakucheka. Aliinama chini sana, kama mtu anavyomwinamia daktari aliyemwambia mgonjwa wake atapona, akaondoka.

Karibu na saa sita alikuja kwangu. Nikampakulia bakuli, nikamwongezea vitunguu. Alikula polepole, na alipofika katikati akaanza kusema bila kuulizwa. Chemchemi aliyokuwa akiitumia baba yake, na babu yake, na baba wa babu yake, ilikuwa kwenye ardhi ya kukodi. Karatasi zile haziwezekani bila maji baridi. Mwenye ardhi alifariki, watoto wake walikuwa wanauza, na kampuni ya saruji ilikuwa imeshaleta watu wa kupima. Kwa heshima ya miaka mingi, watoto walimpa Nakahira nafasi ya kwanza, mpaka Jumatatu saa sita mchana. Walitaka milioni moja na laki mbili. Yeye, kwa kuuza kila kilichouzika, alipata laki nne.

“Benki?” niliuliza.

“Benki wamenicheka kwa adabu.”

“Na mkeo, mama Fusae, anasemaje?”

“Fusae anajua hela ziko kabatini.”

Nikatazama kile kifurushi cha zambarau pale mezani. Alimaliza supu mpaka tone la mwisho. Halafu akavua saa yake ya mkononi, akaiweka kando ya bakuli, na juu yake akaweka ufunguo wa nyumba yake.

“Mama Suga, nishikie hivi. Mke wangu akija, mpe.”

“Mkeo huwa haji huku.”

“Kesho au keshokutwa atakuja,” alisema. Akaweka noti ya yeni elfu moja, akakataa chenji, akaingia kwenye watu.

Nilisimama na upawa mkononi. Bahari ilikuwa nyuma ya ukuta wa uwanja, hatua mia mbili tu, na baada ya kimbunga mawimbi yalisikika hadi pale jikoni kwangu. Nilitaka kumkimbilia, ila wateja sita walikuwa wamenyoosha mabakuli. Nikajiambia nitamwona akirudi. Najilaumu kwa hilo hadi leo.

Saa sita na nusu upepo uligeuka. Ulianza kuvuma kutoka milimani, mkavu, na mawingu yakapasuka. Jua likawaka kama la mwezi wa nane. Mbio ya tano ilishindwa na farasi aliyetangulia, kama Kusunose alivyosema. Ya sita, aliyetangulia alikwama mita mia mbili kabla ya mwisho, miguu ikawa mizito, na watatu wakampita. Ya saba ikawa vilevile. Uongozi ukabadilisha daraja, kutoka mbovu hadi nzito, kisha kutoka nzito hadi nzito kidogo. Njia mbele ya jukwaa ilikuwa inafuka mvuke.

“Mzee,” dereva mmoja wa teksi alimtania kutoka chini, “yale majua matatu umeyahesabu vizuri?”

“Wewe kahesabu abiria wako,” Kusunose alijibu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mchanga. Baada ya mbio ya nane alichukua kitambaa, akafuta ubao mahali pa mbio ya kumi. Tatu na saba zikatoka. Akaandika tano na nane, farasi wanaokuja kutoka nyuma.

Watu waliguna. Hakuwahi kufuta ubao. Nikaacha sufuria, nikamfuata pale sandukuni.

“Umemwambia Nakahira?”

“Nakahira atauona ubao kama wengine.”

“Kaka Iwao, teremka.” Nikamwonyesha saa na ufunguo, nikamweleza yote: chemchemi, kabati, suti, maneno ya kesho au keshokutwa. Nilipokuwa nikisema, nilimwona uso unamshuka. Alikuwa mtu mwenye mashavu mekundu ya baridi na pombe ya sake, na yalipauka palepale mbele yangu.

“Laki nne,” alisema. “Kwa neno langu.”

“Kwa neno lako la asubuhi.”

Tiketi za mbio ya kumi zingeanza kuuzwa baada tu ya mbio ya tisa, na mbio yenyewe ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Tulikuwa na kama saa moja. Kusunose aliruka kutoka sandukuni akaliacha pale na ubao wake na kopo la hela likiwa wazi. Mimi nilipunguza moto, nikafunika sufuria, nikamwambia muuza karanga aangalie.

Tuligawana. Mimi nilichukua upande wa jukwaa la juu, mstari kwa mstari, nikitazama kila suti nyeusi. Ungeshangaa wanaume wangapi huvaa suti nyeusi kwenye mbio za farasi. Nilimshika bega mtu mmoja akageuka, kumbe ni mtawa wa hekalu aliyejificha nyuma ya gazeti. Kusunose alizunguka bandani wanakoonyeshwa farasi, vyooni, kwenye vibanda vya sake, nyuma ya madirisha. Tulikutana kwenye ngazi tukiwa tunahema, hakuna aliyempata. Farasi wa mbio ya tisa walikuwa wanaingia njiani.

Kusunose akakimbilia ofisini kwa uongozi. Nilikuwa nyuma yake nikasikia. Aliomba jina la Nakahira litangazwe kwenye vipaza sauti, aambiwe aje kibandani kwa Mama Suga.

“Ana nini, mgonjwa?” afisa aliuliza.

“Nimempa utabiri usiofaa.”

Afisa alimtazama kama anatazama mlevi. “Kusunose, nikitangaza kila utabiri wako usiofaa, nitapata saa ngapi ya kutangaza mbio?”

“Mtu atakufa, bwana.”

“Basi kamwite polisi langoni. Mimi sitangazi habari za jozi. Watasema uongozi unawaelekeza watu pa kuweka hela.”

Alikuwa na haki yake, na hilo ndilo lililomtia Kusunose wazimu. Polisi langoni alisema hajaona mtu wa namna hiyo akitoka, ila naye alikuwa ndani akinywa chai tangu saa nane. Tukapanda ukuta wa bahari tukachungulia. Mawimbi tu, na mzee mmoja anayeokota mwani. Kusunose alikaa juu ya ukuta ule akashika kichwa. Nikamvuta. Kengele ya mbio ya tisa ilikuwa imeshalia. Nayo ilishindwa na farasi wa nyuma.

“Unaona,” nilimwambia, “tano na nane ni kweli. Tukimpata atanunua hiyo, mambo yataisha vizuri.”

Kusunose alikwenda kwenye ua wa njia ya mbio, akapenyeza mkono chini kama afanyavyo alfajiri. Trekta lilikuwa linapita kusawazisha njia kwa ajili ya mbio ya kumi, meno yake yakifukua mchanga na kuupindua. Alichota, akafinya. Akafungua kiganja, akautazama muda mrefu. Akachota tena hatua kumi mbele. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mchanga unaomwagika kama unga, wa kushoto ulikuwa na donge lililobaki na alama za vidole.

“Nini?” niliuliza.

“Twende madirishani,” alisema.

Dirisha la tiketi za yeni elfu lilikuwa mwisho kabisa, na foleni yake fupi kwa sababu wengi wetu tulikuwa watu wa mia. Nakahira alikuwa amesimama pale. Baadaye tulijua kwamba saa zote zile alikaa nyuma ya mazizi, juu ya marobota ya nyasi, hataki kuona mbio hata moja. Mbele yake walikuwa watu wawili. Zilibaki dakika nne.

“Bwana Nakahira,” Kusunose alisema, “toka kwenye foleni.”

“Bado watu wawili.”

“Tatu na saba nimeifuta.”

“Nimeona. Nimepita pale kwako, hukuwepo.” Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yetu sote. “Umeandika tano na nane. Basi nitanunua tano na nane.”

“Hiyo pia usinunue.”

“Ipi, basi?”

Kusunose alifungua mdomo. Nilikuwa nimezoea kusikia namba zikitoka kwenye mdomo ule miaka yote, mvua na jua, akiwa na homa, hata siku aliyomzika mama yake. Safari hii akasema, “Sijui.”

Mtu wa mbele alimaliza, foleni ikasogea. Nakahira naye akasogea.

“Miaka ishirini na minane unapiga kelele juu ya sanduku,” alisema, “leo ndiyo hujui?”

“Siku nyingi sijui. Leo nimeambiwa bei ya kutojua. Bwana Nakahira, mchanga ule umechanganyika, sijui utafanya nini. Peleka hela nyumbani.”

“Nikizipeleka nyumbani, kesho saa sita ni karatasi tu. Siyo za kwangu zile, karatasi za serikali.” Alitabasamu kidogo. “Asubuhi ulijua. Mtu aliyelala vizuri husema kweli asubuhi. Nitashika la asubuhi.”

Mtu wa pili akaondoka dirishani. Nakahira akaweka kifurushi kwenye kibao cha dirisha, akaanza kufungua fundo. Lilikuwa limekazwa na mtu mwenye mikono ya nguvu. “Tatu na saba,” alimwambia mwanamke wa dirishani. “Zote.”

Kusunose akamshika mkono wa koti. Nakahira akajivuta. Kusunose alikuwa mzee wa miaka sitini na moja, lakini alimng'ang'ania kwa mikono miwili, mgongo ameutupa nyuma kama mtu anayevuta mtumbwi, na uzi wa begani mwa ile suti ukakatika. “Niache,” Nakahira alisema, bila kupiga kelele. “Nakuomba, niache.” Na mimi, sitaficha, nilikishika kifurushi kwa upande wangu nikakivutia kwangu. Watu wa nyuma wakaanza kututukana kwamba tunawachelewesha. Kengele ikalia. Mwanamke wa dirishani akashusha kizuizi.

“Pamefungwa, bwana,” alisema.

Tulibaki tumeshikana pale sisi watatu. Kisha vipaza sauti vikasema wameshatoka.

Hatukuwa mahali pa kuona vizuri, tuliona kona ya mwisho na mita zile za mbele ya jukwaa. Minatokaze alitokea kwenye kona akiwa mbele kwa urefu wa farasi wawili, namba saba mgongoni kwake. Tano na nane walikuwa nyuma wanakuja kwa nje, wanakuja kwa kasi, na jukwaa zima likasimama. Nilimsikia Kusunose karibu na sikio langu. Alikuwa anamwomba Minatokaze ashindwe. Farasi aliyemchagua mwenyewe, anamwomba achoke, avunjike mwendo, ashikwe. “Choka,” alikuwa akisema. “Choka, mwanangu, choka.”

Hakuchoka. Mbele ya jukwaa mchanga ulikuwa umeshikana chini yake kama wakati wa asubuhi. Tano na nane walirushiwa tope usoni wakarudi nyuma. Tatu akamaliza wa kwanza, saba wa pili. Ubao wa malipo ukaonyesha mara tano na nusu.

Nakahira alinichukulia kifurushi mikononi taratibu, akalikaza fundo upya, akakaa chini ukutani na kukipakata. Uzi wa begani ulikuwa unaning'inia. Watu walimruka wakienda kuchukua malipo yao, wengine wakiimba.

Kusunose alikwenda kwenye ua akasimama. Nilipomfikia alikuwa anatazama chini, halafu akageuka akatazama juu, kwenye jukwaa. Mwezi wa nane uongozi ulikuwa umeongeza paa, limetoka mbele kwa mita nane ili watazamaji wasinyeshewe. Huo ulikuwa msimu wa kwanza wa vuli tangu liwekwe. Jua lilikuwa limeshuka nyuma yake, na kivuli kilifunika njia yote ya mbele, kuanzia kona hadi mwisho. Trekta lilipopindua mchanga, ule wenye maji ulikuja juu, na hapakuwa na jua la kuukausha.

“Paa,” alisema.

“Tangu walitie, taulo zangu hazikauki jioni,” nilisema. Ilitoka tu.

Akanitazama. “Kwa nini hukuniambia?”

“Uliniuliza lini habari za taulo?”

Sikuwa na nia ya kumchoma. Nilikuwa nimeujua mchanga ule kwa taulo zangu, yeye aliujua kwa vidole, na hatukuwahi kuambiana.

Tuligeuka tukamkuta Nakahira ameondoka. Tulimwona akipita langoni, na nje ya lango alishika kushoto, siyo kulia kwenye kituo cha treni. Kushoto kulikuwa na ngazi za ukuta wa bahari tu. Tulimfuata hatua ishirini nyuma. Alipanda, tukapanda. Alitembea juu ya ukuta, tukatembea. Mwishowe alisimama bila kugeuka.

“Mnanifuata kwa nini?”

“Nifanye nini?” Kusunose aliuliza. “Niambie cha kufanya, nitafanya.”

“Ungeniachia mkono.”

“Najua.”

“Ningekuwa na milioni mbili sasa hivi.”

“Najua, bwana.”

Alitazama maji. Yalikuwa ya rangi ya udongo, yamejaa magogo yaliyoletwa na mto. Kusunose alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa, akaweka paji la uso chini, na hakuinuka. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilikuwa nimekamata ule ufunguo mfukoni mpaka meno yake yakaniingia kiganjani. Niliogopa hata kukohoa.

“Inuka,” Nakahira alisema hatimaye, kama mtu aliyechoshwa. “Mimi siwezi kumwambia Fusae. Nenda ukamwambie wewe.”

Tukapanda treni watatu, kisha basi la bondeni. Tulifika jua likizama. Fusae alikuwa nje, anakoroga magome kwenye pipa linalochemka, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Aliona suti iliyochanika, akaona kifurushi, akaacha kukoroga. Kusunose alimweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi, hakujipunguzia hata kidogo. Alisema habari ya neno la asubuhi, ya ubao, ya dirisha, ya paa.

“Wewe ndiye uliyemzuia?” Fusae aliuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Na farasi wakashinda.”

“Wakashinda.”

Alimtazama mumewe aliyekaa kwenye kizingiti akifungua kamba za viatu. “Ningekuwa mimi pale dirishani,” alisema, “ningenunua.”

Nikampa saa na ufunguo. Aliuangalia ufunguo, akaelewa maana yake. Akaenda akakaa kizingitini kando ya mumewe, akaanza kumsaidia kufungua kamba. Sisi tukaondoka kwa basi la mwisho la jioni.

Jumatatu chemchemi ilikwenda kwa kampuni ya saruji. Nakahira aliuza mapipa na nyungo za kuchujia, na kampuni ikampa kazi ya ulinzi kwenye lango lake, karibu na uzio wa ile chemchemi. Aliifanya miaka kumi na moja. Fusae alikwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha samaki wa makopo.

Kusunose alirudi kwenye sanduku wiki iliyofuata. Yule dereva wa teksi alimpokea kwa kumuuliza kama leo anajua au hajui, na watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Lakini hakuwahi tena kumhakikishia mtu. Mteja akimuuliza, “Una hakika?” alijibu, “Sina,” na mtu gani anunue kikaratasi cha namna hiyo? Baada ya misimu miwili aliacha. Kila mwaka mpya anakwenda bondeni na samaki wa kukausha, nami nimefuatana naye mara nne. Nakahira hutoka, hupokea, huuliza habari za baridi. Fusae hukaa ndani. Tunamsikia anaosha vyombo, na hajatoka hata mara moja.